Eko, CT, angiografia au MRI: picha ipi ya moyo inakufaa?

Daktari wa kwanza ameandika eko. Wa pili anasema afadhali CT ya mishipa ya moyo. Wa tatu anataka angiografia moja kwa moja, na jirani aliyerudi kutoka India alikokwenda kwa matibabu anaapa kwamba MRI ndiyo inayoona kila kitu. Mgonjwa ni yuleyule, na pesa ni zilezile. Makala haya ni kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo, au ndugu anayemshika mkono.

Hakuna mashine inayoona kila kitu ndani ya moyo. Moyo ni msuli unaosukuma damu, una valvu nne zinazofunguka na kufunga, una mishipa yake yenyewe inayoulisha, na una umeme unaouamsha upige. Mashine inayoonyesha valvu vizuri kabisa inaweza isione mshipa ulioziba. Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza daktari ni hili: unatafuta nini, na ukikipata, matibabu yangu yatabadilika vipi? Akiweza kulijibu, uchaguzi wa mashine huwa umeshafika nusu ya njia.

Tahadhari moja kabla ya yote. Haya ni kwa mtu mwenye muda wa kuchagua. Kifua kikibana ghafla, jasho jembamba likitoka, maumivu yakipanda taya au mkono, nenda idara ya dharura sasa hivi. Huko wataanza na ECG, ambayo haipigi picha bali inasoma umeme wa moyo, na ndani ya dakika chache mara nyingi itaonyesha kama kuna mshipa umeziba kabisa.

VIGEZO

Kila kipimo nimekipima kwa mambo manne: kinaona nini na kinakosa nini, mwili unapitia nini, yaani mionzi, sindano, kontrasti (dawa inayochomwa ili mishipa au msuli uonekane vizuri kwenye picha) na muda, kinapatikana wapi na kwa gharama ipi, na kinamfaa nani. Kwa mionzi nitatumia kipimo cha mSv (milisiverti). Ili upate picha ya ukubwa wake, binadamu asiyepigwa picha yoyote hupokea wastani wa takriban 2.4 mSv kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula.

EKO YA MOYO

Inaona nini. Eko hutumia mawimbi ya sauti tusiyoyasikia. Ilianzia Lund, Sweden, mwaka 1953, pale daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipoazima kifaa cha kukagua nyufa kwenye vyuma vya meli na kukielekeza kwenye kifua cha mtu. Leo inaonyesha moyo ukiwa kazini: kuta zinavyojikunja, valvu zinavyofunguka, na kwa Doppler, damu inakokwenda na kasi yake, ikipakwa rangi nyekundu na bluu. Valvu ya mitro, ile iliyoko kati ya vyumba viwili vya kushoto, kwa kawaida hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikibaki 1.5 au chini yake, huo ni mbano mkali. Eko inakupa namba hiyo bila kukuchoma sindano.

Kuna namba nyingine kwenye ripoti inayowatesa watu bure. Imeandikwa EF. Ni sehemu ya damu iliyomo kwenye chumba cha kushoto ambayo moyo unaitoa kwa pigo moja. Wapo wanaosoma EF 60% wakaenda nyumbani wakilia, wakidhani asilimia 40 ya moyo imekufa. Hakuna moyo unaotoa damu yake yote kwa pigo moja. Kuanzia 55 hivi ni salama. Ikiwa 40 au chini, hapo ndipo daktari anaanza kuzungumzia moyo kushindwa kusukuma na dawa zake.

Inachokosa ni mishipa ya moyo yenyewe. Mtu mwenye mshipa uliobanwa vibaya anaweza kufanyiwa eko akiwa amelala ametulia, na ripoti ikaandika kila kitu ni kawaida. Haikudanganya, imeulizwa swali lisilo lake. Eko ya mazoezi, inayofanyika baada ya kukimbia kwenye mashine au kupewa dawa ya kuharakisha moyo, hupunguza pengo hilo kwa sababu sehemu ya msuli inayokosa damu huanza kulegea.

Mwili unapitia nini. Karibu hakuna. Unalalia ubavu wa kushoto, jeli ya baridi inapakwa, kichwa cha mashine kinakandamizwa katikati ya mbavu, wakati mwingine mpaka pauma kidogo. Dakika 20 hadi 45, mionzi sifuri. Mjamzito, mtoto mchanga, mtu anayesafishwa damu kwa ajili ya figo, wote ni sawa. Picha ikizuiwa na mafuta au mapafu, kuna eko ya kupitia kooni, ambayo inataka ufunge kula na upewe dawa ya kutuliza.

Mahali na gharama. Ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo iliyosambaa. Wataalamu wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, huzipeleka mashine za eko mikoani kwa huduma za tiba mkoba. Siku hizi kuna eko ya mkononi inayochomekwa kwenye simu au kishikwambi. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba inategemea mkono wa anayeishika. Watu wawili wanaweza kupata picha mbili tofauti kwa mgonjwa mmoja. Ndiyo sababu habari ya akili unde (AI) imenipa matumaini hapa kuliko kwingine. Mwaka 2020 mamlaka ya Marekani iliidhinisha programu inayomwelekeza hata muuguzi asiye na uzoefu: inua kidogo, zungusha, simama hapo, picha ikiwa nzuri inajihifadhi yenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili ni la uhai. Mtoto anaugua mafindofindo, koo linapona, na miaka baadaye valvu zinakutwa zimekakamaa kwa sababu ya homa ya rumatiki. Wengi hugundulika wakiwa wajawazito, pumzi zikiwakatikia. Kaskazini mwa Uganda, uchunguzi mkubwa wa eko mashuleni ulipata watoto wenye dalili za mwanzo ambazo wao wenyewe hawakuzihisi. Kati yao 818 waliingizwa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Waliochomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 tu ya watoto; wasiochomwa, kwa asilimia 8.2 yao. Sindano ya bei ndogo iliokoa valvu kwa sababu picha ilipigwa mapema.

Inamfaa nani. Mwenye kuvimba miguu, kuishiwa pumzi, sauti isiyo ya kawaida iliyosikika kifuani, presha ya muda mrefu, ujauzito wenye dalili za moyo, na mtoto yeyote anayeshukiwa tatizo la kuzaliwa. Pia aliye kwenye dawa za saratani zinazoweza kuudhuru moyo, kwa kurudia mara kwa mara.

CT YA MISHIPA YA MOYO

Inaona nini. CT ni X-ray inayozunguka mwili, na hapa inaona mishipa inayoulisha moyo, pamoja na kuta zake. Hesabu zilizoifanya CT iwezekane zilianzwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa akifanya kazi Cape Town miaka ya 1950. Mwaka 1979 aligawana tuzo ya Nobel na Mwingereza Godfrey Hounsfield aliyeitengeneza mashine. Ila moyo ulikuwa mgumu kupigwa picha kwa sababu hautulii. Mpaka zilipokuja mashine zenye safu 64 za vipokea mionzi katikati ya miaka ya 2000 ndipo picha za mishipa zikawa za kuaminika. Zilizo bora leo hukamata moyo mzima kwa pigo moja, na aina mpya inayohesabu chembe za mionzi moja moja, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, inapunguza ukungu unaotokana na chokaa kwenye mishipa.

Zipo CT mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya kuhesabu chokaa tu: haina sindano, ni ya sekunde chache, na inatoa alama. Sifuri ni habari njema kwa mtu asiye na dalili. Zaidi ya 400 ni onyo zito. Lakini kijana mwenye maumivu ya kifua asitulizwe na sifuri, kwa kuwa utando laini wa mafuta bado haujaota chokaa. Ya pili ni CT angiografia yenye kontrasti, na hiyo ndiyo inayoonyesha utando huo laini.

Uwezo huo wa kuona ukuta ndio umeibadilisha tiba. Utafiti wa SCOT-HEART uliofanyika Uskoti kwa watu 4,146 wenye maumivu ya kifua uliongeza CT kwenye uchunguzi wa kawaida kwa nusu yao. Baada ya miaka 5, waliokufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo au kupata shambulio la moyo walikuwa asilimia 2.3 kwa waliopigwa CT, na 3.9 kwa wengine. Mashine haikumtibu mtu. Ila madaktari walipoona mafuta ukutani, waliwaandikia dawa za kolesteroli na aspirini watu ambao wangeambiwa "huna kitu". Uingereza mwaka 2016 iliifanya CT kuwa kipimo cha kwanza kwa maumivu ya kifua yanayoelekea kuwa ya mishipa ya moyo.

Mapungufu yake: chokaa ikiwa nyingi, kama kwa wazee na wanaosafishwa damu, mshipa huonekana umebanwa kuliko ulivyo. Mapigo ya kasi au yasiyo na mpangilio huharibu picha. Stenti, yaani kibomba cha waya kinachowekwa kuuacha mshipa wazi, ikiwa ndogo haionekani vizuri ndani. Na inaonyesha mbano, lakini si kila mbano unaoizuia damu.

Mwili unapitia nini. Kanyula (kibomba chembamba cha kupitishia dawa) mkononi, kidonge cha kushusha mapigo mpaka yafike 60 au karibu yake, dawa ya kupulizwa chini ya ulimi ili mishipa itanuke, kisha sauti kwenye spika: vuta pumzi, shika hapo. Kontrasti ikiingia, joto linasambaa mwilini na wengi huhisi kama wamejikojolea. Hawajajikojolea, na joto hilo hupita mara moja. Mashine mpya hutumia kati ya 1 na 5 mSv. Za zamani zilizidi 10, kwa hiyo ni haki yako kuuliza. Pima kreatinini kabla, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, na useme kama figo ni dhaifu, kama unatumia metformini ya kisukari, au kama kontrasti ilishawahi kukudhuru.

Mahali na gharama. Ni ghali kuliko eko na mara nyingi rahisi kuliko angiografia. CT za kawaida zimeenea sana siku hizi, lakini si kila CT inaweza kupiga moyo, na si kila msomaji amezoea kuisoma mishipa hii. Uliza mashine ina safu ngapi na nani ataandika ripoti. Bima nyingi hutaka kibali kabla.

Inamfaa nani. Mwenye maumivu ya kifua yanayotia shaka, ambaye uwezekano wa mishipa kuziba ni mdogo au wa kati, na anayetaka kuondoa shaka bila kuingiziwa mrija moyoni.

ANGIOGRAFIA YA KATHETA

Inaona nini. Mrija mwembamba uitwao katheta unaingizwa kwenye mshipa wa mkononi au wa paja mpaka kwenye mlango wa mishipa ya moyo, kontrasti inamwagwa, na video ya X-ray inachukuliwa. Inaonyesha njia ya damu kwa undani usioshindwa na CT, ila ukuta wa mshipa hauonekani mpaka uingizwe kifaa kingine cha ndani. Ubora wake wa pekee ni kwamba inaona na kutibu katika chumba kilekile. Mbano ukipimwa kwa waya wa presha na kusoma 0.80 au chini, yaani presha baada ya mbano ni asilimia 80 au chini ya ile ya kabla yake, stenti inaweza kuwekwa palepale.

Historia yake ina ujasiri wa kutisha. Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, alijiingizia mrija mwenyewe mwaka 1929 na kutembea hadi chumba cha X-ray kuthibitisha kwamba umefika moyoni. Mwaka 1958, Cleveland, kontrasti iliingia kwa bahati mbaya kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa wa Mason Sones. Mgonjwa alipona, na Sones akatambua kwamba mishipa hii inaweza kupigwa picha. Mwaka 1977, Zürich, Andreas Grüntzig akautanua mshipa kwa puto mgonjwa akiwa macho.

Mwili unapitia nini. Ganzi ya sehemu, kusaini fomu, saa kadhaa za kuangaliwa baadaye. Mionzi ya uchunguzi peke yake mara nyingi huwa karibu 5 hadi 7 mSv, na huongezeka kukiwa na stenti. Hatari zake ni chache lakini zipo: kuvuja damu, mshipa kuumia, kiharusi. Utafiti wa DISCHARGE wa Ulaya, uliochapishwa 2022, uliwalinganisha watu 3,561 wenye maumivu ya kifua: madhara makubwa yaliyotokana na vipimo au tiba yenyewe yalikuwa asilimia 0.5 kwa walioanzia CT na 1.9 kwa walioanzia katheta, na kwa vifo na mashambulio ya moyo makundi hayakutofautiana kwa kiasi cha kuaminika.

Mahali na gharama. Inahitaji chumba maalumu na timu kamili. JKCI inayo, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago inayo, na hospitali kadhaa za Nairobi zinayo. Anayetoka mbali aweke akilini nauli, malazi na msindikizaji, na aulize mapema: mkikuta mbano, stenti imo kwenye bei hii au ni malipo mengine?

Inamfaa nani. Mwenye shambulio la moyo linaloendelea, ambako haina mshindani. Pia mwenye maumivu yasiyodhibitiwa na dawa, na anayeandaliwa upasuaji. Kwa mgonjwa aliyetulia, naomba asikimbizwe. Utafiti wa ISCHEMIA wa mwaka 2020, wenye watu 5,179, haukukuta kwamba kuanza na katheta kuliongeza uhai kuliko kuanza na dawa, ingawa wenye maumivu mengi walipata nafuu kubwa zaidi.

MRI YA MOYO

Inaona nini. Msuli. Saa MRI inapong'aa ni pale daktari anapojua moyo umechoka lakini hajui kwa nini. Kontrasti ya gadolini hubaki kwenye makovu, kwa hiyo dakika chache baadaye msuli mzima huonekana mweusi na kovu jeupe. Mahali kovu lilipo ndipo jibu lilipo: kovu lililoanzia upande wa ndani linanong'ona mshipa ulioziba, la katikati au la nje linaelekeza kwenye maambukizi ya msuli au ugonjwa wa kurithi. Likila zaidi ya nusu ya unene wa ukuta, kuuzibua mshipa wake hakutarajiwi kuufufua. MRI pia hupima chuma kilichojikusanya moyoni kwa watu waliopewa damu mara nyingi kwa miaka, na huonyesha vizuri ule ugonjwa wa ukuta wa ndani kukakamaa ambao madaktari wa Mulago, Kampala, waliueleza miaka ya 1940. Kwa mishipa ya moyo yenyewe, CT inaishinda.

Mwili, mahali na gharama. MRI hutumia sumaku, kwa hiyo hakuna mionzi. Kuna dakika 45 hadi 60 ndani ya bomba jembamba lenye kelele za kugonga, huku ukiambiwa ushike pumzi tena na tena. Anayekosa pumzi akilala chali atateseka. Mwenye betri ya moyo, vyuma mwilini, figo dhaifu sana au ujauzito aseme kabla ya kuingia chumbani. Ni ghali, na wanaoweza kuipiga na kuisoma MRI ya moyo ni wachache kuliko mashine zenyewe.

Inamfaa nani. Vijana wenye moyo uliotanuka bila sababu, wenye historia ya kifo cha ghafla katika ukoo, na waliopata shambulio ambao daktari anataka kujua msuli gani bado uko hai.

Kipimo cha nyuklia, kinachoonyesha jinsi damu inavyoufikia msuli wakati wa kazi, nakitaja kwa ufupi tu. Ni kizuri kwa mwenye chokaa nyingi au figo zisizovumilia kontrasti, lakini technetiamu, dawa yenye mionzi inayotumika, hupungua nusu kila baada ya saa 6, na ugavi wake unahitaji mpangilio ambao vituo vichache vinao.

KULINGANA NA HALI YAKO

Una presha ya miaka mingi, miguu inavimba, unalala kwa mito miwili: anza na eko, na kwa wengi hapo ndipo pa kuishia.

Una miaka 45, kifua kinabana ukipanda ngazi na kuachia ukipumzika, ECG haina tatizo: CT angiografia kama ipo yenye uwezo huo karibu nawe. Kama haipo, eko ya mazoezi ni hatua ya heshima kabisa, na hakuna sababu ya kuuza kiwanja ili uruke kwenda kwenye katheta.

Una miaka 70, kisukari, figo zimeshuka: jadiliana na daktari wa moyo pamoja na wa figo kabla ya kontrasti yoyote. Chokaa inaweza kuivuruga CT, na hapa eko ya mazoezi, kipimo cha nyuklia au katheta kwa kontrasti ndogo vinaweza kukufaa zaidi.

Huna dalili, ila baba alipata shambulio akiwa na miaka 50 na unasita kuanza dawa ya kolesteroli: alama ya chokaa inaweza kukusaidia kuamua.

Una mimba na unaishiwa pumzi kuliko wenzako: eko, wiki hii hii.

Eko imesema moyo umetanuka, mishipa ni safi, na una miaka 30: hapo MRI inastahili safari na gharama yake.

Unahamia hospitali nyingine, hata nje ya nchi: omba CD yenye picha zenyewe pamoja na ripoti, za kila kipimo ulichowahi kufanya. Ripoti ya kurasa mbili kwenye bahasha ya kaki haimruhusu daktari mpya kuona kwa macho yake, na mara nyingi ndiyo inayofanya urudiwe kuchomwa kontrasti na kulipishwa upya.